Basi la shule likisimama mbele yako hapa Tanga, unasimama au unapita?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Majani Mapana, nalifupisha maana lilikuwa refu kidogo: "Mwalimu habari za kazi. Mimi naendesha kigari changu kila asubuhi kwenda kazini Pongwe. Juzi basi la shule lile la njano lilisimama mbele yangu kupakia watoto, na mimi nikasimama nyuma yake mpaka likaondoka. Nyuma yangu watu wakapiga honi weee, bodaboda mmoja akanipita na tusi juu. Nilisimama kwa sababu mdogo wangu anaishi New York na ameletewa karatasi ya faini dola 250 eti alipita basi la shule lililosimama. Sasa na huku ni sheria? Kama siyo, nilikosea kusimama? Na huyu mdogo wangu anaweza kufungwa kweli kwa jambo hilo?"

Dada salama, na pole kwa tusi la asubuhi. Nianze na jibu fupi. Huku kwetu hakuna sheria inayosema basi la shule likisimama tu basi kila gari nalo lisimame, hiyo ni ya Marekani na nchi chache nyingine. Hukufanya kosa kusimama, ila namna ya kusimama ndo nataka tuongee maana kuna kusimama kunakookoa na kuna kusimama kunakoua. Na mdogo wako hafungwi kwa karatasi hiyo ya dola 250, nitakueleza mwishoni kwanini.

Tuanze na ya nyumbani. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, ni ya mwaka 1973. Imerekebishwa hapa na pale lakini mifupa yake ni ileile, na mwaka 1973 watoto wa Tanga walikuwa wanakwenda shule kwa miguu, kama ambavyo wengi wao mpaka leo wanakwenda. Kwahiyo sheria imemfikiria mtembea kwa miguu, basi la shule halikuwa kichwani mwa aliyeandika. Ukilikuta limesimama, kinachokubana ni yale yale ya kila siku: kwenye makazi usizidi 50, kwenye zebra mpishe anayevuka, usiovateki gari lililosimama kwenye zebra kumpisha mtu, na ule wajibu wa jumla kwamba unaendesha kwa uangalifu ukiwajali wenzako barabarani. Ile rangi ya njano na maandishi yale ubavuni vinakujulisha tu kwamba humu mna watoto, havikuamuru kitu. Hazadi za basi pia hazikuamuru kitu, zinakuambia uwe macho.

Sasa watu wakisikia "hakuna sheria" wanachukulia kama wamepewa ruhusa ya kupita wanavyotaka. Hapana jamani. Basi likiwa limesimama karibu na zebra hapo huna mjadala, unasimama, na trafiki akikukuta umelipita pale elfu 30 yako inaondoka na sheria iko upande wake. Na hata pasipo na zebra, ukamgonga mtoto ubavuni mwa basi la shule, hiyo siyo habari ya elfu 30 tena, ni kesi, na huko utaulizwa ulikuwa unakwenda mwendo gani na uliona nini mbele yako. "Mtoto katokea ghafla" ni maneno ambayo kila dereva anayo mdomoni, ila mimi siku zote nawaambia wanafunzi wangu, umeliona basi la njano la mita 7 limesimama limeandikwa ubavu mzima kwamba ni la shule, alafu unasema mtoto katokea ghafla? Ulitegemea atokee nani, ng'ombe?

Marekani sasa, maana ndiko kulikokuchanganya. Kule majimbo yote 50 yana hii sheria. Basi la shule likikaribia kituo dereva anawasha taa za njano zinazopepesa, hizo ni za kukuambia jiandae. Likisimama na mlango ukifunguka zinawaka nyekundu, na ubavuni kinachomoka kibao chekundu cha pembe nane kimeandikwa simama, kinachomoka chenyewe kama mkono. Kuanzia hapo unasimama, uwe nyuma ya basi au uwe unakuja kwa mbele upande wa pili, na husogei mpaka taa zizimwe na kibao kirudi. Majimbo mengi yanamsamehe anayetoka upande wa pili kama barabara imegawanywa katikati kwa tuta au ukingo, kwahiyo yeye anaweza kupita. New York hawasamehi hata hapo, barabara iwe na tuta katikati isiwe nalo, wote mnasimama, na mwongozo wao wa madereva unakutaka ubaki kama futi 20 kutoka kwenye basi, yaani mita 6 hivi. Wageni wengi wanaliwa hapo kwenye tuta, wametoka jimbo jingine wanadhani sheria ni moja nchi nzima.

Na ile njano yao haikuja kwa bahati. Mwaka 1939 kulikuwa na msomi mmoja anaitwa Frank Cyr, aliwakusanya watu wa elimu na watengenezaji wa mabasi pale Teachers College, Columbia University, New York, wakakubaliana viwango vya mabasi ya shule na rangi ikiwemo, kwa sababu herufi nyeusi juu ya ile njano zinasomeka vizuri kwenye gizagiza la alfajiri na jioni. Hata jirani zetu Kenya mwaka 2017 walipitisha sheria mabasi ya shule yapakwe njano. Rangi imesafiri dunia nzima, ila ile sheria ya kusimama yenyewe haikusafiri nayo, na hapo ndipo tatizo letu linapoanzia.

Kwa sababu hata penye sheria watu wanapita. Oktoba 2018, mji wa Rochester jimbo la Indiana, asubuhi giza halijatoka vizuri, basi limesimama, taa nyekundu zinawaka, kibao kimetoka, watoto wanavuka barabara kulifuata, gari ikatokea upande wa pili haikusimama. Wakafa watoto watatu wa mama mmoja, mapacha wa miaka 6 na dada yao wa miaka 9. Mwaka uliofuata Indiana wakaongeza ukali wa adhabu. Nimekutajia hii kwa makusudi dada, maana wale watoto hawakuwa wanashuka, walikuwa wanavuka KWENDA kupanda. Na wewe umesema basi lilikuwa linapakia asubuhi. Watu wote wanamfikiria mtoto anayeshuka, lakini mtoto anayepanda yuko hatarini zaidi kwa maoni yangu, huyu amechelewa, chai kaiacha mezani, begi mgongoni, anaona basi lishafika ng'ambo na anaogopa kuachwa, haangalii kulia wala kushoto, macho yote yako kwenye ule mlango. Anavuka mbio kutoka kulia kwako kwenda kushoto, na wewe macho yako yako kwenye basi upande wa kushoto. Hamuonani.

Sasa nije kwenye kusimama kwako.

Kule Marekani mtoto anafundishwa akishuka atembee mbele ya basi hatua kadhaa mpaka dereva amuone vizuri, dereva ampe ishara, alafu avuke kwa mbele ya basi. Inafanya kazi kwa sababu sheria imeshafunga barabara pande zote mbili. Chukua mafunzo hayo ulete Tanga bila ile sheria, umemuua mtoto. Maana huku wewe mmoja umesimama kwa ustaarabu wako, mtoto wa darasa la kwanza anaona "gari imesimama, naweza kuvuka", na yule wa nyuma yako hajui umesimamia nini, anakuona umezubaa tu, anatoa indiketa ya kulia anakupita wewe na basi kwa pamoja, mtoto anatokea mbele ya basi na huyo ndugu yuko kwenye 60. Basi limemficha mtoto, gari yako imelificha basi. Kwahiyo kosa kubwa kuliko yote ambalo dereva mwenye roho nzuri anaweza kulifanya ni kumpungia mtoto mkono kwamba pita. Usimpungie! Mkono wako unasema barabara iko salama na wewe hujui kama iko salama, unajua tu kwamba wewe umesimama.

Na kuna upande mwingine ambao naona watu hawauzungumzi kabisa, upande wa kushoto. Huku tunaendesha kushoto na mlango wa basi uko kushoto, kwahiyo kinadharia mtoto anashukia pembeni, salama. Lakini hii ni Tanga, mji wa baiskeli na bodaboda. Basi likisimama bila kubana pembeni likaacha kaupenyo ka mita moja na kitu kati ya mlango na mtaro, ndo hapohapo bodaboda anapenya, na mzee wa baiskeli na mzigo wake nyuma anapenya, maana kulia kuna foleni. Mtoto anaruka ngazi ya mwisho, anatua mbele ya gurudumu. Ukitaka kujionea simama asubuhi pale Ngamiani kwenye zile barabara za namba, tazama mguu wa mtoto unavyogusa chini na pikipiki inavyopita, utashika kichwa. Wenye bodaboda mkisoma hapa: basi la shule usilipite kushoto. Hata kama hakuna trafiki, hata kama una abiria anachelewa hospitali ya Bombo.

Kwahiyo ufanyeje kesho ukilikuta tena? Ukiliona tu basi mbele, toa mguu kwenye mafuta mapema, siyo ukishafika. Gusa breki mara mbili tatu taa zako za nyuma zipepese, washa hazadi, wa nyuma aelewe kuna jambo. Hii ni muhimu sana kwenye hiyo barabara yako ya Pongwe maana unagawana lami na malori ya saruji na mabasi yanayotoka Segera, na lori lenye mzigo halisimami kwa sababu wewe umesimama. Hebu piga hesabu kidogo, gari ndogo yenye tairi nzuri na lami kavu, ikiwa kwenye 50 inahitaji mita kama 25 mpaka isimame kabisa, ikiwa kwenye 80 inahitaji kama mita 53. Ni zaidi ya mara mbili wakati mwendo haujaongezeka hata mara mbili. Lori lililoshiba mzigo usiniulize, na ukiongeza mvua ya masika ndo kabisa.

Kisha angalia basi limesimama wapi. Kama limetoka nje ya lami kabisa, liko kituoni au limeingia pembeni vizuri, unaweza kupita, ila siyo kama ulivyokuwa unapita. Gia ya 2, mwendo wa mtu anayetembea, mguu uko juu ya breki, unaacha nafasi pana kati yako na basi. Na macho yako yaangalie CHINI ya basi. Hii wengi hawaijui. Mtoto mfupi hutamuona kwa juu kwa sababu basi limemziba, lakini miguu yake unaiona chini, viatu vyeusi na soksi nyeupe vinatembea kuelekea mbele ya bampa. Ukiviona tu simama, huyo anakuja. Pitisha macho na ng'ambo upande wa kulia kutafuta yule mchelewaji wa kukimbilia basi.

Kama basi limesimama ndani ya njia yenu, limeziba, mimi nisingeovateki. Ningekaa nyuma kama ulivyokaa wewe. Tofauti ni kwamba ningekaa mbali kidogo, angalau nione tairi zake za nyuma zinavyogusa lami, hazadi zinawaka, na gari nimeielekeza katikati ya upande wangu kiasi cha kumfanya wa nyuma afikirie mara mbili kabla ya kupita. Watapiga honi, waache wapige. Kupakia watoto wanne watano ni sekunde chache tu, hakuna aliyewahi kufukuzwa kazi kwa hizo. Ila kama uko kwenye kona au mteremko ambako wa nyuma hakuoni mpaka akufikie, hapo kusimama katikati ya lami ni kujitakia, punguza mwendo ukiwa mbali kabisa usogee polepole ili usijikute umesimama mahali pabaya. Na kiukweli dereva wa basi aliyesimama konani ndo wa kulaumiwa, hapo hakuna kituo.

Ambayo inanileta kwa wazazi na shule, hamkuniuliza ila nasema. Sehemu kubwa ya hatari hii inamalizika kabla wewe dada hujafika pale. Kama mtoto anakaa kulia mwa barabara, basi limshushe wakati linarudi, likiwa upande wa nyumbani kwao, asivuke kabisa. Ruti itazunguka, mafuta yataongezeka kidogo, shule italalamika, sawa, lakini ndo dawa. Ikishindikana, matroni ashuke wa kwanza kabla ya mtoto yeyote, asimame pale chini aangalie ule upenyo wa kushoto, na wa kuvuka avushwe kwa mkono. Na kama hakuna matroni mfundishe mtoto hivi: shuka, sogea mbali na basi, simama pembeni, SUBIRI BASI LIONDOKE, barabara ikiwa wazi pande zote ndo uvuke. Siyo mbele ya basi, siyo nyuma ya basi. Asubuhi mzazi umfikishe ng'ambo mapema, basi limkute keshavuka. Watoto wa madrasa wanaokwenda chuo mchana wao hata basi hawana, wanavuka wenyewe kwa makundi, hawa tuwape mwendo wa pole bila kuambiwa.

Basi lenyewe likiwa bovu au limejaza watoto kupita kiasi, LATRA, ile mamlaka ya usafiri wa ardhini, ndio wanaotoa leseni za usafirishaji na malalamiko yanapelekwa kwao au kwa askari wa usalama barabarani. Tunazikumbuka zile kubwa, kama Karatu Mei 2017 basi lilipotumbukia korongoni wakafa wanafunzi 32, walimu 2 na dereva, nchi nzima ikalia. Huyu mmoja mmoja anayegongwa akivuka kulifuata basi hatangazwi, labda mtaani kwao.

Kuna watu watasema basi tulete na sisi sheria ya Marekani. Mimi sipingi lakini siyo njia pekee. Ujerumani basi la shule likisimama na hazadi zinawaka unaruhusiwa kulipita, ila kwa mwendo wa mtu anayetembea, na anayetoka upande wa pili naye hivyohivyo. Australia jimbo la New South Wales ukikuta basi la shule taa zake zinapepesa hutakiwi kuzidi 40. Uingereza hawana amri ya kusimama, wanaambiwa wapite polepole kwa uangalifu. Kwa barabara zetu mimi ningeanza na ile ya Wajerumani, haihitaji kibao cha kuchomoka ambacho baada ya miezi sita kitakuwa kimefungwa kwa waya, inahitaji hazadi tu ambazo kila gari inazo. Na inamfaa mtu wa baiskeli pia.

Sasa mdogo wako. Jimbo la New York kuna njia mbili za kukamatwa. Ya kwanza ni askari akuone kwa macho akusimamishe, hiyo ni nzito, kosa la kwanza faini ni dola 250 mpaka 400, unakula pointi kwenye leseni, na sheria inaruhusu kifungo cha hadi siku 30. Ya pili ni kamera iliyofungwa ubavuni mwa basi, iliruhusiwa kwa sheria ya 2019, inapiga picha namba ya gari na karatasi inatumwa kwa posta kwa mwenye gari. Hii ya kamera kosa la kwanza ni dola 250 kavu, haina pointi na haina jela, kwa sababu haimhukumu dereva, inamdai mwenye gari. Wewe umeandika "ameletewa karatasi" na kiasi ni 250 kamili, kwahiyo karibu hakika ni kamera. Ikija ya pili ndani ya miezi 18 inakuwa 275, na ya tatu 300. Mwambie asiitupe akidhani ni kama deni la trafiki huku la kusubiri mpaka asimamishwe barabarani. Alipe kabla ya tarehe iliyoandikwa, au kama ana ubishi, labda gari ilikuwa imeibwa au basi halikuwa limewasha nyekundu, aombe kusikilizwa kwa utaratibu ulioandikwa kwenye karatasi hiyohiyo, na aombe kuiona ile video kwanza kabla hajaamua.